KUISOMA KARATASI YA ALAMA ZA MJUKUU ALIYE MAREKANI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbi wa chakula wa shule)

Nilipokuwa kidato cha tatu, waliosimama mahali hapa niliposimama mimi walikuwa mwalimu wa zamu na kiranja mkuu, na neno lililotoka vinywani mwao kwa kawaida halikuwa la heri. Kwa hiyo mkiniona natupa jicho mlangoni mara kwa mara, mjue ni mazoea tu.

Kwa wale tusiofahamiana, nilimaliza kidato cha sita katika shule hii mwaka 1977, nikasomea ualimu wa hesabu, nikafundisha hapa nyumbani miaka kadhaa. Kisha, tangu mwaka 1995 hadi nilipostaafu mwaka 2021, nilifundisha hesabu katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, huko Marekani. Mji huo una watu wengi waliotoka upande wetu huu wa Afrika, hasa ndugu zetu wa Kongo waliofika kwa njia ya ukimbizi, na Kiswahili husikika madukani na makanisani. Siku za Jumamosi mimi na wastaafu wenzangu hukaa na wazazi wanaozungumza Kiswahili, tukawasomea barua zinazotoka shuleni kwa watoto wao.

Kamati imeniomba nizungumzie jambo moja katika hayo, nalo ni zile alama za mitihani ya mapema ambazo watoto wa kule hupewa wakiwa bado wadogo, na ambazo husemekana zinaonyesha kama mtoto ameelekea kuwa tayari kwa chuo kikuu.

Pengine mtu atauliza: mambo ya Michigan yanatuhusu nini sisi tuliokaa hapa? Yanatuhusu sana. Wengi wetu humu tuna watoto waliohamia huko na wajukuu wanaokulia huko. Zamani barua ya matokeo ilichukua wiki tatu kufika. Siku hizi mtoto akipewa alama zake asubuhi, picha ya karatasi iko kwenye simu ya babu kabla hajala chakula cha jioni, na chini yake swali ni lile lile: "Baba, unaonaje?" Nasi kwa kuwa tumesoma, hatukosi la kuona. Tunajibu. Na jibu la babu lina uzito. Laweza kumwinua mtoto, laweza kumvunja moyo, na laweza kumfanya baba yake achukue hatua ambayo matokeo yake yataonekana miaka minne baadaye. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuisoma karatasi hiyo sawasawa kabla ya kufungua kinywa.

Mtihani wenyewe ni upi?

Marekani haina baraza moja la mitihani la taifa kama letu, ambalo liliundwa kwa sheria mwaka 1973. Kule kuna chama kiitwacho College Board, kilichoanzishwa mwaka 1900, ambacho ndicho chenye mtihani maarufu wa SAT unaotumiwa na vyuo vikuu. Chini ya SAT wameweka ngazi za kupandia. Ngazi ya kwanza inaitwa PSAT 8/9, maana yake ni ya wanafunzi wa darasa la nane na la tisa, watoto wa miaka 13 hadi 15. Juu yake ipo ya darasa la kumi, na nyingine ya darasa la kumi na moja, kisha SAT yenyewe. Huko Michigan watoto wa darasa la nane katika shule za umma walianza kupewa mtihani huu wa kwanza mwaka 2019, kwa hiyo ndio ninaoujua kwa karibu.

Tangu mwaka 2023 mtihani huo hufanywa kwenye kompyuta. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni Kusoma na Kuandika, maswali 54 kwa dakika 64. Ya pili ni Hesabu, maswali 44 kwa dakika 70. Jumla ni saa 2 na dakika 14. Kila sehemu imegawanywa nusu mbili, na hapa pana jambo la ajabu kwetu sisi wa kalamu na wino: kompyuta huyatazama majibu ya nusu ya kwanza, kisha humchagulia mtoto nusu ya pili iliyo ngumu zaidi au nyepesi zaidi. Kwa hiyo watoto wawili waliokaa dawati moja wanaweza kuwa wamefanya maswali tofauti. Basi haifai kuuliza "umekosa mangapi?" kama tulivyozoea, maana kukosa matano magumu si sawa na kukosa matano mepesi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo mtoto afundishwe asiache swali wazi.

Sasa niingie kwenye karatasi yenyewe, na nitaje mitego minne ambayo nimeona wazee wenye elimu nzuri wakinaswa nayo.

Mtego wa kwanza: kuisoma kwa macho ya hapa nyumbani

Sisi tumelelewa na mitihani ya kuchuja. Mtihani ulikuwa mlango: unapita au unabaki nje. Kijijini kwetu tulifanya mtihani watoto arobaini na kitu, tukaja sekondari wawili. Hata leo, mtihani wa kidato cha nne hutolewa kwa madaraja, na mwenye pointi 7 ndiye bingwa, maana kwetu pointi zikiwa chache ndivyo zilivyo bora. Daraja la Kwanza ni 7 hadi 17. Na katika kila somo, A ni 75 hadi 100, na chini ya 30 ni kuanguka. Vipimo hivi vimo katika damu yetu.

Ile karatasi ya Marekani haina daraja, haina kufaulu wala kuanguka. Kila sehemu huhesabiwa kuanzia 120 hadi 720, na jumla huanzia 240 hadi 1440. Tazameni vizuri: haianzii sifuri. Mtoto aliyelala usingizi mtihani mzima bado hapati sifuri. Basi ukichukua kalamu ukagawa alama za mjukuu kwa 1440 ili upate asilimia, hesabu yako ni sahihi lakini jibu lake halina maana yoyote. Ni kama kugawa namba ya kiatu chake kwa namba ya kiatu cha baba yake ili ujue ana akili kiasi gani.

Aidha, alama hizi haziendi vyuoni. Hakuna chuo kikuu kitakachouliza alama za PSAT 8/9 za mtoto wa miaka 13. Hata ule ufadhili wa masomo unaosifika unaoanzia kwenye mitihani hii huanzia kwenye mtihani wa darasa la kumi na moja, siyo huu. Kwa hiyo babu asitoe machozi, wala asichinje mbuzi.

Mtego wa pili: ile namba yenye asilimia

Pembeni mwa alama kuna namba nyingine, tuseme 60. Mzee anaona 60, anakumbuka kwamba kwetu 60 ni C, anakunja uso. Lakini hiyo 60 haina maana kwamba mtoto amepata maswali 60 katika 100. Maana yake ni hii: ukiwapanga mstarini wanafunzi 100 wa darasa lake, 60 wana alama sawa na zake au chini yake. Yaani yuko mbele ya katikati ya mstari. Tena College Board hutoa namba za namna hiyo za aina mbili: moja ni ya kumlinganisha na wanafunzi wote wa nchi, hata wale ambao kwa kawaida hawafanyi mtihani huo, nyingine ni ya kumlinganisha na wale wanaoufanya. Mtoto yule yule, siku ile ile, anaweza kupata namba mbili zisizofanana. Kabla ya kukunja uso, uliza kwanza: amelinganishwa na nani?

Mtego wa tatu: kutazama jumla na kuacha sehemu

Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Chukueni watoto wawili wa darasa la nane, kila mmoja ana jumla ya 830. Wa kwanza amepata 430 katika Kusoma na Kuandika na 400 katika Hesabu. Wa pili amepata 360 katika Kusoma na Kuandika na 470 katika Hesabu. Ukitazama jumla, hawa ni mapacha. Ukitazama sehemu, hawa ni watoto wawili wenye mahitaji yanayopingana.

Tutajuaje? Kila darasa limewekewa kigezo, yaani alama inayoonyesha kwamba mtoto yuko njiani. Kwa darasa la nane kigezo ni 390 katika Kusoma na Kuandika, na 430 katika Hesabu. Darasa la tisa ni 410 na 450. La kumi ni 430 na 480. La kumi na moja ni 460 na 510. Na katika SAT yenyewe, ambapo mtoto huhesabiwa yuko tayari kwa chuo, ni 480 na 530. Mtaona kwamba kigezo kinapanda pamoja na mtoto. Na kwa kuwa ngazi zote zimepimwa kwa kipimo kimoja, 470 ya darasa la nane ina uzito ule ule wa 470 ya SAT. Ni kama kumpima mtoto urefu kwenye mhimili ule ule wa mlango kila mwaka, ukaweka alama kwa kaa la moto.

Basi yule wa kwanza amevuka kigezo cha kusoma, akapungukiwa 30 katika hesabu. Yule wa pili amepungukiwa 30 katika kusoma, lakini katika hesabu amevuka kwa 40. Jumla ilificha yote hayo.

Yule wa pili namjua. Ni mjukuu wa mmoja wetu, ambaye ameniruhusu kusimulia habari hii bila kutaja jina. Binti huyo alikuwa na miaka miwili na nusu tu tangu afike Marekani. Baba yake anaendesha malori ya safari ndefu, mama yake anafanya kazi ya usiku kiwandani. Karatasi ilipofika, picha ikatumwa kwa babu. Babu akaona 830 katika 1440, akapiga hesabu, akapata 57 na kitu. Akatuma maagizo matatu: mtoto aondolewe kwenye timu ya mpira, anunuliwe masomo ya ziada ya bei kubwa, na tangu siku hiyo Kiswahili kikome nyumbani, lugha iwe Kiingereza peke yake. Hakuyasema hayo kwa ubaya. Aliyasema kwa mapenzi na kwa hofu, kama ambavyo mimi au wewe tungeyasema.

Lakini hatari kubwa ilikuwa mahali pengine, na babu hakuijua. Shuleni, ambako sitakutaja, mtu mmoja naye alikuwa ameitazama jumla ile ile, akampangia binti kuingia darasa la tisa katika somo la hesabu la marudio, lililo chini ya aljebra. Barua ya kumjulisha mzazi ilikuwa mezani pale nyumbani, haijafunguliwa, chini ya bili ya umeme.

Ndugu zangu, ili muone ubaya wa jambo hilo, yapasa nieleze ngazi ya hesabu ya kule. Kwa kawaida mtoto husoma Aljebra ya Kwanza, kisha Jiometri, kisha Aljebra ya Pili, kisha matayarisho ya kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe; kila somo mwaka mmoja. Shule humalizika darasa la kumi na mbili. Aliyeanza Aljebra ya Kwanza darasa la nane hufika kalkulasi kabla ya kumaliza. Aliyeanza darasa la tisa huishia kwenye matayarisho ya kalkulasi, na hilo si baya hata kidogo. Lakini aliyeanza darasa la kumi, kwa sababu mwaka wa tisa aliwekwa kwenye marudio, huishia Aljebra ya Pili, na akifika chuoni akataka uhandisi, atawakuta wenzake wanaanza na kalkulasi ilhali yeye hajafika. Njia za kuruka zipo, kama kusoma masomo mawili kwa mwaka mmoja au kusoma likizo, lakini ni nani atakayemwambia mtoto wa dereva wa lori kwamba zipo?

Basi hapa ndipo uzito wa karatasi hii ulipo. Chuo kikuu bado kiko mbali sana. Kinachoamuliwa ni chumba gani cha darasa mtoto ataingia mwezi wa tisa ujao.

Baba yake alinipigia simu. Tukaenda shuleni pamoja, tukiwa na karatasi. Hatukugombana na mtu. Tulimwomba mwalimu mshauri aweke kidole chake juu ya ile 470, kisha juu ya kigezo cha 430, kisha atueleze marudio ni ya nini. Alitazama kwa muda, akamwita mwalimu wa hesabu wa binti, naye akaleta daftari lake. Baada ya nusu saa binti aliandikwa Aljebra ya Kwanza, na katika kusoma akaongezewa kipindi cha msaada wa Kiingereza. Mpira wake hakunyang'anywa.

Mwaka uliofuata alipimwa tena. Alipata 400 katika Kusoma na Kuandika na 510 katika Hesabu. Nawaomba muisome pamoja nami. Katika hesabu yuko juu sana ya 450. Katika kusoma, kigezo cha darasa la tisa ni 410, kwa hiyo bado hajakifikia, amepungukiwa 10. Mwenye haraka atasema ameshindwa mara mbili. Lakini kigezo kilipanda kwa 20, yeye akapanda kwa 40. Anakifuata kigezo kwa mwendo mkubwa kuliko mwendo wa kigezo chenyewe. Hayo ndiyo maendeleo, na hayaonekani kwenye karatasi moja. Yanaonekana ukiziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo wazazi wasizitupe.

Mtego wa nne: kuifanya alama kuwa ramli

Alama si kitu kigumu kama jiwe. Mtoto huyo huyo akifanya mtihani wa namna hiyo wiki ijayo, hatapata namba ile ile. Itapanda kidogo au itashuka kidogo. Ndiyo maana kwenye karatasi wameweka pia kiasi cha juu na cha chini ambacho uwezo wake wa kweli huenda ukawamo. Tofauti ya alama 10 baina ya mjukuu wako na mtoto wa jirani si jambo la kujivunia kanisani wala msikitini. Hata ile 40 ya binti yetu, sisemi yote ni ya kweli. Nasema mwelekeo ni mzuri.

Kigezo chenyewe nacho kina maana ya kiasi. Walioweka kigezo cha SAT wanasema kwamba mwanafunzi aliyekifikia ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau C katika masomo ya mwanzo ya chuo yanayohusiana na sehemu hiyo. Hebu tuigeuze sentensi hiyo: katika wanafunzi 100 waliofika kwenye kigezo, 25 hivi hawataipata hiyo C. Na miongoni mwa wasiofika wamo watakaoipata. Ni kama mvuvi kusoma mawingu: ana sababu ya kusema mvua inakuja, lakini hauzi mwavuli wake kwa sababu leo mbingu ni nyeupe.

Na wala alama hizi si kipimo cha akili aliyozaliwa nayo mtoto. Nasema hivi kwa sababu historia yenyewe inatuonya. Mtihani wa SAT ulianza mwaka 1926, na kiongozi wa walioutunga alikuwa Carl Brigham wa Princeton. Bwana huyo mwaka 1923 alikuwa ameandika kitabu akidai kwamba mataifa na rangi fulani za watu zina akili kuliko nyingine, na aliutegemeza mtihani juu ya vipimo vya namna hiyo. Mwaka 1930 yeye mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Kwa miaka mingi herufi za jina la mtihani zilikuwa na neno lenye maana ya kipaji. Mwaka 1990 neno hilo liliondolewa, na leo herufi hizo tatu hazisimami badala ya neno lolote. Ikiwa wenye mtihani wameacha kusema kwamba wanapima kipaji, kwa nini babu aliye hapa aendelee kusema?

Mtihani unapima yale ambayo mtoto amekwisha kufundishwa, kwa lugha anayoulizwa. Mtoto aliyetoka kambini akiwa na miaka 11, akisoma Kiingereza kwa miaka miwili na nusu, anapopata 360, hiyo 360 inapima miaka miwili na nusu.

Ushauri wangu

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikagongewa kengele, naomba nitoe ushauri kwa ufupi.

Picha ikifika kwenye simu yako, usijibu siku hiyo hiyo. Omba kurasa zote, maana nyuma ya jumla kuna sehemu, na nyuma ya sehemu kuna matawi. Hesabu ina matawi kama aljebra, jiometri, na kutumia takwimu kutatua matatizo. Kusoma na Kuandika kuna matawi kama kuelewa habari na kanuni za sarufi ya Kiingereza. Humo ndimo panapoonyesha mtoto asaidiwe nini.

Kisha mwambie mwanao aende shuleni na maswali matatu. La kwanza: mwakani mtoto atawekwa somo gani la hesabu, na somo hilo litamfikisha wapi atakapomaliza darasa la kumi na mbili? La pili: ni tawi gani lililo dhaifu, na shule itafanya nini? La tatu: mwalimu wake wa kila siku anasemaje, je, kazi zake za darasani zinakubaliana na alama hizi? Mtihani ni saa mbili na ushei. Mwalimu amekaa naye mwaka mzima.

Kama mzazi hajiwezi kwa Kiingereza, aombe mkalimani. Asimfanye mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wake. Mshtakiwa hatafsiri hukumu yake, na akiitafsiri, msiitegemee.

Kuhusu masomo ya kununua, mkumbuke kwamba mazoezi yanapatikana bure. Programu iitwayo Bluebook, ambayo ndiyo hutumika kwenye mtihani wenyewe, ina majaribio ya bure, na Khan Academy inatoa mazoezi ya bure tangu mwaka 2015. Dola mia kadhaa za mama wa zamu ya usiku zina kazi nyingine. Kwa mtoto wa miaka 13, kitabu kimoja kizuri kila wiki mbili kitafanya kazi kubwa zaidi.

Kuhusu Kiswahili, nasema kama mwalimu niliyefundisha watoto wa kila namna: msikikate. Mtoto anayeweza kusimulia habari kwa mpangilio katika lugha ya nyumbani, akatoa sababu, akabishana na babu yake kwa heshima na kwa hoja, amekwisha kupata nusu ya ustadi wa kusoma. Kinachobaki ni maneno ya Kiingereza, na hayo shule itampa. Lakini mkikata Kiswahili, mama asiyejua Kiingereza vizuri atabaki na lugha ya amri tu, yaani kula, lala, amka, na mtoto atakuwa amepoteza mwalimu wake wa kwanza.

Tena tusiwatishe watoto kwa habari za vyuo vikuu. Taratibu za huko hubadilika. Mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kudai SAT. Kisha baadhi vikairudisha, MIT mwaka 2022, Dartmouth mwaka 2024. Chuo Kikuu cha California hakitumii kabisa alama hizo katika kuchagua wanafunzi. Mtoto aliye darasa la nane leo hatujui atakuta mlango gani. Tunachojua ni kwamba aljebra haitaacha kuwa aljebra.

Na mwisho, neno la kumwandikia mtoto mwenyewe. Yule mzee mwenzetu, baada ya kuelezwa, alimtumia mjukuu wake ujumbe mwingine. Hakusema "umeshindwa", wala hakumdanganya kwamba amekuwa wa kwanza. Alimwandikia hivi: "Nimeona hesabu yako iko mbele ya darasa lako. Nimeona kusoma kuna deni dogo. Nami nilipofika sekondari Kiingereza kilinitoa jasho. Niandikie kila Jumapili kitabu gani umesoma." Binti anamwandikia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na mzee ameniambia kwamba sasa yeye ndiye analazimika kushika kamusi.

Natoa rai kwa Kamati kwamba katika toleo lijalo la jarida hili vichapwe vile vigezo vya kila darasa nilivyovitaja, katika robo ukurasa, ili kila mwanachama aukate na kuuweka mahali anapoweka miwani yake. Nami niko tayari kujibu barua na simu za wenzangu wenye wajukuu huko, muda nitakapokuwa na nguvu.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia vyombo vinagongana jikoni, na najua ukumbi huu hauna subira sauti hiyo inapoanza.